Cheche iliyopotea kwenye Ferguson ya baba

Mwezi wa tatu, wingu la mvua ya kwanza likining'inia juu ya Trans Nzoia, Kenya, trekta la baba lilikataa kuwaka. Ni Ferguson TE20, lile dogo la kijivu lililotengenezwa Coventry, Uingereza, kati ya 1946 na 1956. Siku hizi halilimi. Huvuta kitoroli cha mbolea na magunia ya mahindi. Mnamo Januari 1958 Edmund Hillary, mpanda milima wa New Zealand, alifika Ncha ya Kusini kwa matrekta ya ukoo huo huo, tena kwenye barafu. Letu halikutaka hata kutoka bandani.

Nilisukuma gia hadi kwenye alama ya S, kwa maana TE20 hupigwa stata kwa gia. Stata ikazunguka vizuri, injini kimya. Petroli ilikuwa inafika, plagi, zile zinazorusha cheche ya kuichoma, zilitoka zimelowa na kunuka. Nikaichomeka plagi moja kwenye waya wake, nikailaza juu ya chuma cha injini, mdogo wangu akapiga stata. Hakuna cheche. Tukafunika kwa koti ili tuone gizani. Bado hakuna.

Basi nikakimbilia mjini kununua koili, kifaa kinachopandisha nguvu ya umeme wa betri ili cheche iruke. Ndivyo haraka inavyomla mtu pesa. Nikaifunga jioni hiyo hiyo, tukapiga stata hadi betri ikaanza kulegea, na cheche haikuonekana.

Kesho yake nikamwita mzee mmoja jirani, fundi wa siku nyingi. Hakuja na spana. Alikuja na balbu ya indiketa ya volti 12 iliyounganishwa waya mbili.

"Mzee, koili ni mpya," nikamwambia.

"Sijakuuliza koili, kijana. Washa swichi."

Waya mmoja wa balbu akaugusisha kwenye nati ya koili inayokwenda distributa, kile kifaa kinachogawia plagi umeme, mwingine kwenye bodi ya chuma ya trekta. Balbu ikawaka. Akaniambia nizungushe injini polepole kwa hendeli. Ikaendelea kuwaka vile vile, bila kupepesa.

Hapo ndipo nilipoelewa kazi ya pointi, vile vyuma viwili vidogo ndani ya distributa. Zikifungana, umeme hupita kwenye koili na kuishia athi, yaani kwenye bodi, balbu ikazimika. Zikiachana, umeme hukatika ghafla, koili ikarusha cheche, na balbu ikawaka. Kwa hiyo injini ikizunguka, balbu inapaswa kuwaka na kuzima, kuwaka na kuzima. Isipozimika kabisa, pointi hazigusani, au zinagusana lakini zimechafuka. Isipowaka kabisa, ama umeme haufiki kwenye koili, ama mahali fulani waya unagusa bodi.

Tukafungua kofia ya distributa. Kwa macho pointi zilikuwa safi, lakini trekta lilikaa tangu mavuno bila kuwashwa, na unyevu wa banda ulizitia ukungu mwembamba wa kijivu. Nilishika msasa, mzee akaninyang'anya: chembe zake hubaki kwenye pointi na kuziharibu. Akatumia tupa nyembamba, kisha akapitisha kipande cha karatasi ngumu kilicholoweshwa petroli. Nafasi tukaiweka milimita 0.3 kwa fila geji, vibati vya kupimia nafasi, pointi zikiwa zimeachana kabisa.

Balbu ikapepesa. Na plagi ikatoa cheche! Lakini ilikuwa ya manjano, nyembamba. Injini ikakohoa mara mbili, ikanyamaza.

Mimi nilikuwa tayari kwenda kununua kondensa, kile kifaa kidogo kinachosaidia pointi kukata umeme. Mzee akainama kwenye koili yangu, akacheka. Ile ya zamani iliandikwa SW na CB, yaani swichi na distributa. Mpya ina alama za + na −, nami nilipeleka waya wa swichi kwenye + kama nilivyozoea kwenye pikapu. Ila trekta hili athi yake ni chanya: waya wa + wa betri ndio uliofungwa kwenye bodi. Swichi ilipaswa kwenda kwenye −, na distributa kwenye +. Nilikuwa nimeigeuza koili kichwa chini miguu juu. Cheche hutoka, ila kwa shida, kwa sababu umeme huruka kirahisi zaidi ukitokea kwenye ncha ya katikati ya plagi, ambayo ndiyo yenye joto.

Tukabadilisha waya mbili, tukakausha plagi, tukachaji betri usiku kucha. Asubuhi cheche ilikuwa ya buluu na inalia "ta! ta!" Trekta likawaka kwa jaribio la pili, moshi ukajaa banda, kuku wakatoka mbio.

Jumapili, kwa ubishi tu, niliirudisha koili ya zamani. Likawaka vile vile. Ile mpya nimeifunga kwenye gazeti pamoja na risiti yake, na baba bado ananiuliza bei.