Leo nimejaza fomu ya shule

Jioni hii zilikuwa zimebaki saa mbili tu za kurudisha fomu ya shule: mtoto arudi darasani, au aendelee kusoma nyumbani kwa njia ya intaneti.

Tangu Shirika la Afya Duniani litangaze UVIKO-19 kuwa janga la dunia, tarehe 11 Machi 2020, binti yangu wa miaka 8 amekuwa akisomea kwenye meza ya chakula, nami najua anachokikosa: kusoma kwa sauti mbele ya wenzake, na mwalimu anayemtazama usoni na kutambua kwamba hajaelewa. Lakini tunaishi na mama yangu, ambaye ana kisukari, na virusi hivi husambaa hewani, hasa katika vyumba visivyopitisha hewa vizuri. Shule imeahidi barakoa, madirisha wazi na madawati yaliyotenganishwa. Kuhusu wakati wa mapumziko, sikupata jibu.

Nikiwa bado nasita, binti yangu akaja na begi mgongoni.

Alikuwa amechonga penseli zake zote.

Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Mama, nikienda, bibi hataugua?"

Sikuweza kumjibu. Nilimkumbatia hivyo hivyo, begi likiwa mgongoni, nikazisikia zile penseli zikigongana ndani.

Nimechagua abaki nyumbani muhula huu. Fomu nimeirudisha, naye amelala, lakini begi ameliacha karibu na mlango na sijathubutu kuliondoa.

Ninyi mnaoishi na watoto pamoja na wazee, mmeamua nini? Na watoto mliwaelezaje?