Pumzi ipo, miguu haitaki

Nilipofika miaka 48, ratiba niliyoizoea tangu ujana ilianza kunishinda. Kilomita 30 Jumapili, Jumanne mbio za kasi, Alhamisi mlima. Cha ajabu, pumzi ilikuwepo. Niliweza kukimbia saa mbili huku napiga soga. Balaa lilikuwa Jumatatu asubuhi: nilishuka ngazi kinyumenyume, nimeshikilia ukuta, maana mapaja hayakukubali kuteremka. Zamani maumivu hayo yaliisha baada ya siku moja. Sasa yalifika hadi Alhamisi, nami hiyo Alhamisi naupanda mlima hivyo hivyo.

Nikajiona mvivu, nikaongeza mazoezi. Wiki ya tatu, kilomita ya 18, nilihisi kama mtu kanirushia jiwe kwenye shavu la mguu wa kushoto. Niligeuka kabisa kumtafuta. Hakukuwa na mtu. Msuli ulikuwa umechanika. Nikakaa wiki sita bila kukimbia.

Mtaalamu wa viungo ndiye aliyenifungua macho. Msuli una nyuzi za aina mbili kuu: za taratibu, zinazovumilia mwendo mrefu, na za haraka, zinazotoa nguvu ya ghafla. Uzee huzinyong'onyeza zaidi hizi za haraka. Kwa hiyo mkimbiaji wa umri wangu anaweza kwenda mbali, ila mguu hausukumi ardhi kama zamani na hatua inafupika. Shavu la mguu ndilo huumia mapema. Tena msuli wa mzee ni mgumu wa kusikia: protini ileile inayomjenga kijana kwake haitoshi.

Alinisimamisha kwa mguu mmoja, niinue kisigino mpaka nichoke. Kulia nilifika 22. Kushoto, 9. Miaka ishirini na zaidi ya kukimbia, na tisa! Niliona haya kuliko siku niliyoumia.

Tangu hapo nanyanyua vyuma mara mbili kwa wiki, vizito kweli, si vile vya kupasha mwili. Visigino naviinua kwenye ukingo wa ngazi na kuvishusha polepole, nikihesabu hadi tatu. Kati ya mazoezi mawili magumu naacha siku tatu, hata nikijisikia vizuri (hapo ndipo ukaidi hunirudia). Protini, ambayo karibu yote nilikuwa naila usiku, sasa naigawa: gramu 30 hivi kila mlo, kwa uzito wangu wa kilo 70. Mlo wa asubuhi ndio ulionisumbua zaidi kuuzoea.

Watu hunitajia Ed Whitlock, yule Mkanada aliyemaliza marathoni kwa saa 2:54:48 akiwa na miaka 73. Namheshimu sana. Lakini huyohuyo, alipofika 85, alitumia 3:56:34, rekodi ya umri wake, na ni zaidi ya saa nzima nyuma ya alivyokuwa miaka 12 kabla. Mimi nilisitasita miaka miwili kukubali kupoteza dakika nane tu.

Sasa nina 52. Mguu wa kushoto umefika 24, wa kulia 26. Jumapili iliyopita nilikimbia kilomita 28, na Jumatatu nikashuka ngazi nikitazama mbele, ingawa mkono haukuwa mbali na ukuta.