Ndizi, chungwa na jirani yangu

Wale mlikuwa wadogo Kenya ilipopigia kura katiba mpya 2005 pengine mnakumbuka matunda tu. Ndizi ni kukubali katiba, chungwa ni kukataa, na mambo yakaharibika mpaka mama aliyekuwa anatuuzia matunda pale steji Nakuru akaanza kuficha machungwa chini ya gunia, juu watu walikuwa wanamuuliza yuko upande gani kabla hata waulize bei.

Tulipiga kura Jumatatu, 21 Novemba. Usiku nikakesha na redio, na kesho yake ikajulikana chungwa imebeba, asilimia 58 hivi kwa 42, mikoa saba kati ya nane, ndizi ikabaki na Mkoa wa Kati peke yake. Hiyo ya mwisho ndiyo ilituumiza. Kura ya katiba ikageuka kuwa kura ya kabila moja, Wakikuyu, na wengine wote, na hata Uhuru Kenyatta, Mkikuyu wa huko huko Kati, alikuwa chungwa lakini kwa ploti yetu hakuna aliyetaka kusikia hayo.

Upande mmoja wa ploti watu walipiga sufuria wakiimba, upande ule mwingine milango ilifungwa mapema. Asubuhi kwa bomba la maji jirani yangu, mtu tulikuwa tunaachiana funguo na watoto, akaniambia, "Sasa mmefurahi." Mmefurahi, na mimi nimesimama hapo peke yangu na mtungi wangu! Nilikataa ile rasimu ya Wako, mwanasheria mkuu wa serikali, kwa sababu ilimwachia rais nguvu zote, na kule Bomas, kwa mkutano wa katiba Nairobi, watu walikuwa wametaka waziri mkuu mwenye meno. Nilijaribu kumweleza. Hakusikia sababu, alisikia jina langu la ukoo tu.

Rais Kibaki, aliyekuwa ndizi, alikubali matokeo kwa tivi, na hapo nampa heshima yake, kisha Jumatano akafuta karibu baraza lote la mawaziri na watu wakarudi barabarani kushangilia. Kila mtu akasema Kenya imekomaa. Mimi pia nilisema.

Nilichopaswa kufanya ni kurudi kwa mlango wa jirani yangu jioni, nibishe hodi tuongee vizuri, sikurudi, nilikuwa na hasira. Tukaanza kusalimiana kwa kichwa tu. Chungwa likawa chama, ODM, ukaja uchaguzi wa 2007 na vita vya baada yake, na Januari 2008 akapakia godoro na watoto kwa lori usiku. Funguo aliniachia mimi.