Mpira Uliokwenda na Maji

Jumamosi iliyopita tulikuwa tunavuka kwa feri ya Likoni, hapa Mombasa, mimi na binti yangu, yeye na mpira wake mpya kwapani. Tunakwenda kwa shangazi yake, safari ya kila mara. Feri ilipoanza kusogea nikajikuta namwambia, tena kwa ukali asiouzoea, auweke mpira chini na aubane kwa miguu yote miwili. Akaubana. Kisha akaniuliza, "Kwani baba, mpira huruka wenyewe?"

Sikumjibu. Nilikuwa nimesimama upande ule ule wa kushoto, upande wa bahari kuu, na maji yalikuwa yakitoka.

Chama chetu cha michezo pale kisiwani Wasini kilizaliwa siku Senegal ilipoifunga Ufaransa bao moja kwa bila katika Kombe la Dunia. Ilikuwa Ijumaa, tarehe 31 Mei 2002, mechi ikaanza saa nane na nusu mchana, watu wametoka msikitini na kwenda moja kwa moja kwenye runinga. Runinga yenyewe ilikuwa moja, isiyo na rangi, inakula betri ya gari katika kisiwa kisicho na gari hata moja. Papa Bouba Diop alipofunga akavua jezi, akaitandaza pembeni mwa uwanja, na wenzake wakacheza ngoma kuizunguka. Watoto wetu wakatoka nje, wakavua mashati, wakafanya vivyo hivyo katika vumbi. Kabla jua halijatua walikuwa wamekwenda kwa mzee mmoja kumwomba kiwanja na mpira.

Mzee yule alikuwa baharia wa majahazi ujana wake. Vidole vitatu vya mkono wa kulia vilikuwa vimekatwa na amari, kamba ya nanga ilipomzunguka mkononi siku ya dhoruba, kwa hiyo fimbo aliishika kwa kushoto na kikapu akakitundika kwenye kiwiko cha kulia. Ndiye akawa mwenyekiti. Mwalimu wetu wa chuo, mama aliyetufunza Kurani karibu sote, akawa katibu. Mimi nilikuwa na miaka 19, nimemaliza kidato cha nne, sina kazi, nikapewa hazina kwa sababu walisema mtoto huyu hesabu anazijua.

Hakuna aliyelipwa senti. Nalisema hili kwa sababu siku hizi kila kikundi kinaanza kwa kuuliza posho. Kisiwa chetu ni mwamba wa matumbawe, hata kaburi kulichimba ni kazi ya kutwa, na kiwanja tulikipata kwa kung'oa mawe moja moja kwa mtaimbo, kila alasiri, miezi mitatu. Mzee alikuja kila siku. Hakuweza kushika mtaimbo, basi alibeba mawe kwenye kikapu chake, matatu, manne, akayapanga pembeni hadi yakawa ukuta mdogo wa watazamaji kukalia. Magoli yalikuwa boriti za mikoko. Nyavu zake wavuvi walizifuma kwa jarife lililozeeka, lile wavu la kuvulia papa, na mpaka leo sijaona wavu wa goli wenye nguvu kama ule. Bi Katibu alisimamia maji ya kunywa. Wasini wakati huo haikuwa na kisima cha maji matamu, tulikunywa ya mvua au yaliyovushwa kutoka bara, kwa hiyo kila dumu alilolitoa kwa wachezaji lilipungua nyumbani kwake. Sijapata kumsikia akilitaja.

Kilichobaki ni mipira. Tulichanga miezi sita, shilingi kumi kwa kila safari ya uvuvi iliyorudi na kitu, tano kwa mama wa vitumbua, hata watoto walileta senti. Mashindano ya Idd yalipokaribia mkebe wa Kimbo ulikuwa na shilingi 4,200, nyingi za chuma. Tukakubaliana tununue mipira miwili. Mmoja wa mashindano, ufungiwe kabatini. Mmoja wa watoto, wa kila siku.

Tukaja Mombasa mimi na Mzee, Ramadhani imeingia kumi la mwisho, wote tumefunga. Dukani, karibu na Digo Road, mwenye duka alitandaza gazeti tukahesabu sarafu kwa mafungu ya kumi kumi, na wateja nyuma yetu wakangoja bila kulalamika. Mipira miwili ya kushonwa, pampu, sindano zake, filimbi. Mwenye duka aliijaza upepo mipira tuone haivuji. Kisha akataka kuitoa upepo tuibebe kwa urahisi.

Mzee akasema, "Itoe."

Mimi nikasema hapana, mmoja atoe, mmoja abakishe. Nilitaka nishuke kwenye mashua pale kijijini na mpira mviringo kwapani, watoto wanione. Mzee alinitazama kidogo, akacheka, akasema haya, kijana.

Feri ya saa tisa ilijaa. Wanaovuka kwa miguu hawalipi, na wakati huo wa mfungo kila mtu alikuwa akikimbilia nyumbani na vikapu vya futari: tende, mihogo, nazi, mabalungi. Tulipata nafasi kando ya mkokoteni wa maembe. Kaskazi ilikuwa imeanza, inapiga usoni taratibu. Mbele yangu palikuwa na mtoto wa kiume, miaka mitano hivi, ameshika buibui la mamake. Aliuangalia mpira. Akaniangalia. Hakusema neno. Aliweka kidole kimoja tu juu yake, kwenye kiraka cheusi, kama mtu anayegusa kitu asichojua kama ni cha moto.

Nikamwambia, "Shika."

Aliushika kwa mikono miwili na ukamficha uso. Mamake akasema mrudishie kaka, mtoto akanyoosha mikono kunirudishia, na hapo ndipo feri ilipopunguza mwendo ghafla kuipisha meli iliyokuwa ikiingia Kilindini. Mpira ukadunda kwenye chuma. Mara moja, mlio wake nausikia bado. Ukagonga gurudumu la mkokoteni. Watu wakainama, mikono kama kumi ikashuka pamoja, mpira ukapita katikati yake yote kama unaijua njia, ukateleza chini ya chuma cha ukingoni, ukaanguka.

Niliwahi kufika ukingoni kabla haujatua. Uliingia majini, ukazama, ukaibuka mweupe. Mtu akapiga kelele, "Mpira! Mpira!" kama kwamba yuko mtu chini anaweza kuupiga kichwa uturudie. Mkondo uliuchukua pale pale. Nilivua kiatu kimoja. Sijui nilikusudia nini, kuogelea nilijua lakini mahali pale hakuna aogeleaye, na nikahisi kitu kimenishika shati mgongoni. Ulikuwa mkono wa kulia wa Mzee, ule wa vidole viwili. Aliuponyoa kutoka kwenye kikapu, kikapu kikamwagika, tende zikakanyagwa na watu, naye hakugeuka kuzitazama. Alikuwa akiutazama mpira.

"Maji yanatoka," akasema. "Wacha."

Tukasimama tukiuangalia. Ukapita upande wa Ras Serani, mara unaonekana, mara povu linatudanganya. Mzee akaupima upepo kwa shavu, vile mabaharia hufanya, akasema kwa kaskazi hii labda utaokotwa Diani, labda mtoto wa huko amejaaliwa. Nikaanza kulia. Miaka 19, mbele za watu. Hakuniambia nyamaza. Mtoto yule mdogo alikuwa amejificha ndani ya buibui, na Mzee akainama akamwambia mamake, "Msimpige. Mpira ulikuwa wetu, hakumkosea mtu."

Njiani hadi Shimoni, tunakopandia mashua ya kisiwani, hatukuzungumza. Tulifuturu gatini kwa maji na tende chache zilizosalia.

Usiku ule kikao kilikuwa chini ya mti wa mkungu, karabai imewashwa, watoto wamekaa mbele wakiwa wamekoga. Nilikuwa na maneno yangu tayari. Nilisimama na daftari. Kabla sijafungua kinywa Mzee akasema, "Keti, mwanangu." Kisha akawaambia watu: "Mmetutuma mipira miwili, tumefika na mmoja. Mwingine umeniponyoka mimi kwenye feri. Mikononi mwangu. Mniwie radhi."

Nikaketi. Maneno yangu nilikuwa nayo bado, mdomoni kabisa. Bi Katibu aliandika bila kuinua kichwa.

Mashindano yalifanyika. Timu nne, mbili zetu, moja ya Mkwiro, moja ya Shimoni, na sina haja ya kusimulia nani alishinda. Mpira mmoja ukawa wa mashindano na wa kila siku, na kufikia mwezi wa tatu mwamba ukautoboa. Watoto wakarudi kwenye mpira wa matambara, na watu wazima wakarudi kwenye maneno. Ati mzee ameuza mpira Mombasa. Ati baharia wa miaka 40 hajui kushika kitu kwenye feri? Hakuna aliyemwambia usoni. Katika kikao cha mwaka alisema amechoka, akaweka ufunguo wa kabati mezani. Alasiri iliyofuata nilimwona kiwanjani peke yake, anarudisha jiwe lililoanguka kwenye ule ukuta wake. Nilipita njia nyingine.

Mwaka uliofuata nikapata kibarua huku mjini. Alifariki 2009. Nilikwenda kumzika. Nilichukua zamu ya jeneza begani, na hata hapo nilikuwa kimya.

Mwaka jana nilikutana na Bi Katibu kwenye harusi Kibokoni. Amezeeka, macho yamepungua, sauti ni ile ile ya chuoni. Nilimketisha, nikamletea chai, nikamwambia yote. Aliniacha nimalize.

"Nilijua siku ile ile," akasema. "Mtu ana fimbo mkono mmoja, kikapu mkono mwingine. Mpira alikuwa ameushika kwa mkono gani?"

Nikamuuliza mbona hakusema.

"Katibu huandika linalosemwa kikaoni. Nawe ulikuwa umeketi."

Hakulisema kwa ubaya. Alininywea chai yangu, akaniuliza habari za mke na mtoto. Alipokuwa anaondoka akanishika mkono, akaniambia daftari lile analo mpaka leo, sandukuni, halijaliwa na mchwa, na chini ya ukurasa wa usiku ule kuna nafasi ya mistari mitatu, minne. "Ukitaka kuandika, njoo uandike. Wajukuu wa Mzee wanajua kusoma."

Ni miezi saba sasa. Mara najiambia, Mzee mwenyewe alikwisha kuamua, na kuyafukua ni kuivunja zawadi yake. Mara nakumbuka ule ufunguo mezani. Sijui kama ile ilikuwa zawadi au ilikuwa deni, na wa kuniambia hayupo.

Haya yote, au nusu yake, nilimwambia binti yangu Jumamosi kabla feri haijagusa upande wa pili. Alisikiliza mpira ukiwa katikati ya miguu. Mlango ulipoteremka akauinua, akaukumbatia, tukapanda pamoja na umati hadi stendi. Makanga wa matatu ya Ukunda alikuwa akiita abiria. Aliniona nimesimama, akaniuliza, "Mzee, twende?"

Binti yangu hakumtazama makanga. Alikuwa akinitazama mimi.