Taa ya mama ni ya bega, sio ya ubongo

Swali la kwanza mama alilomuuliza fizio, yaani mtaalamu wa tiba ya viungo, siku ile alipotolewa taa ya leza lilikuwa "hiyo taa inachoma?" na la pili "itanirudishia mkono wangu?", fizio akajibu la kwanza haraka haraka, hapana mama haichomi, afu hilo la pili akalikohoa kidogo akasema "itasaidia bega." Mi nimekaa pembeni na mkoba wake mapajani nikasikia vizuri kabisa. Bega. Hakusema mkono, hakusema ubongo. Ila mama alichosikia ni kingine, maana hatujafika hata nyumbani keshampigia mamdogo simu anamwambia nimepata taa ya kuwasha ubongo.

Sasa ngoja nirudi nyuma kidogo. Mama alipata kiharusi, upande wa kushoto ukalegea wote. Mguu ulirudi rudi, anatembea na fimbo na ukimsimamia anapanda hata ngazi mbili tatu, ila mkono ndo umegoma, na kilichougomesha zaidi ni maumivu ya bega. Hili suala la bega watu hawaambiwi mapema jamani. Misuli inayoshikilia bega ikishalegea, mkono unaning'inia na uzito wake wote, kiungo kinashuka, afu sisi watu wa nyumbani tunakuja kumwinua mgonjwa kitandani kwa kumvuta huo huo mkono mgonjwa. Mi nimefanya hivyo wiki tatu nzima bila kujua, nikidhani namsaidia. Kano zikavimba, bega likawa linauma hata shuka likiligusa, na mtu mwenye bega la hivyo humwambii mazoezi, ukimshika tu anakaza mwili mzima na kufumba macho.

Na mazoezi ndo kila kitu kwa mtu wa kiharusi. Ubongo unajifunza upya kwa kurudia rudia, mara mia, mara elfu, kile kile kitendo kidogo cha kusukuma taulo mezani au kushika kikombe. Bega likiuma harudii, asiporudia ubongo haujifunzi. Hapo ndo leza inapoingia, na kwa maoni yangu mi, hapo ndo inapoishia pia.

Kwa wasiowahi kuiona, haina maajabu. Ni kiboksi chenye skrini, kina waya, mwisho wa waya kuna kichwa kama kalamu nene ya kuandikia ubaoni. Mgonjwa anavaa miwani ya kinga, fizio naye anavaa, na mi niliyekaa pembeni nikapewa yangu, miwani mikubwa ya kijani, mama aliponiona akacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. Kale kadoa kekundu unakokaona kwenye ngozi mara nyingi ni ka kuonyeshea tu mahali, mwanga wenyewe unaofanya kazi ni infraredi, jicho halioni kitu, na ndo maana miwani sio mapambo, maana jicho halitafumba kukwepa mwanga lisiouona. Anagusisha kalamu kwenye nukta moja ya bega, mashine inalia pii, anahama nukta ya pili, pii, ya tatu. Mama anasema hasikii kitu chochote, na mwanzoni hiyo ilimkatisha tamaa kwasababu yeye dawa isiyouma haiamini.

Inafanyaje kazi? Maelezo yanayokubalika na wengi ni kwamba ndani ya seli kuna mitokondria, vile vijiwanda vya nguvu, na ndani yake kuna protini inaitwa saitokromu c oksidezi ambayo inanyonya mwanga mwekundu na infraredi, wenye urefu wa wimbi takriban nanomita 600 mpaka 1100. Ikishanyonya, seli inatengeneza nguvu zaidi, uvimbe unashuka, na neva zinazopeleka habari za maumivu zinapunguza kelele. Sio joto linalotibu, angalau kwa mashine ndogo, ni mwanga wenyewe.

Na asili yake inachekesha. Leza ya kwanza ilitengenezwa 1960 na Theodore Maiman kule Marekani, miaka michache baadaye daktari mmoja wa Budapest, Hungaria, anaitwa Endre Mester, akataka kuona kama leza inaweza kuua uvimbe wa saratani kwenye panya. Akawanyoa, akawamulika. Leza yake ilikuwa dhaifu mno kwa kazi ile, uvimbe haukufa, ila akaona manyoya ya panya waliomulikwa yanaota haraka kuliko ya wenzao. Hiyo ni 1967. Yaani tiba yote hii imezaliwa na jaribio lililofeli, na mi napenda kulikumbuka hilo kila ninapokutana na tangazo linaloongea kama vile kila kitu kilijulikana tangu mwanzo.

Basi kaka yangu akaingia. Yeye yuko mbali, anatuma hela na anatuma video, na wiki ile akatuma video ya kofia yenye taa ndani, unavaa nyumbani dakika ishirini, na jamaa kwenye video anasema ubongo unafufuka, kiharusi, Parkinson (ule ugonjwa wa kutetemeka), kusahau, vyote kofia moja. Kaka anauliza tununue? Mama kasikia neno kofia, keshajiona nayo kichwani.

Nikakaa usiku nikasoma. Kilichonituliza ni majaribio matatu makubwa yaliyofanywa kwa wagonjwa wa kiharusi, yanaitwa NEST. Walimulika kichwa kwa leza ya infraredi ndani ya saa 24 tangu kiharusi kianze, baada ya matokeo mazuri kwa wanyama wakiwemo sungura. Jaribio la kwanza, watu 120, majibu yakatoka 2007 na yalitia moyo kweli. La pili, watu 660, 2009, halikufikia lengo lake kuu. La tatu walipanga watu 1000, wakasimamisha katikati baada ya kuangalia matokeo ya watu 566, kwasababu waliomulikwa na waliomulikwa kiuongo uongo, mashine imewekwa kichwani lakini mwanga hautoki, walikuwa sawa sawa. Wagonjwa hawakudhurika, ila hawakusaidika. Nikamwandikia kaka: bro, hao walimulikwa na mashine ya hospitali ndani ya siku moja na bado ikashindikana, mama ana miezi mitano tangu apate kiharusi na hiyo ni kofia ya kwenye video. Akajibu na kidole gumba tu. Sijui kama alikubali au alichoka.

Shida kubwa ni fuvu. Mwanga ukipita nywele, ngozi, mfupa na maji ya kwenye kichwa, kinachofika kwenye ubongo ni kidogo sana, na kiharusi cha ndani kabisa ndo hakifikiwi. Fuvu la sungura ni jembamba, la mama yangu sio la sungura. Watafiti hawajaacha, wanaendelea kujaribu kwa Parkinson, kwa waliogongwa kichwa, kwa wanaosahau, ila mengi ni majaribio ya watu wachache wachache, na mtu anayekuuzia kofia leo anakuuzia jibu la mtihani ambao haujasahihishwa.

Bega ni habari nyingine. Bega liko karibu, kano unaigusa kwa kidole. Kwa maumivu ya shingo kwa mfano, 2009 jarida la Lancet lilitoa mapitio ya tafiti 16 zenye wagonjwa 820, leza ikaonekana inapunguza maumivu, na kwa wengine nafuu iliendelea wiki kadhaa baada ya tiba kuisha. Na ushahidi mzito kuliko wote hauhusu hata neva, ni vidonda vya mdomoni vya wagonjwa wa saratani wanaopata kemo na mionzi, huko leza imeingia mpaka kwenye miongozo ya madaktari wa saratani. Kwa hiyo sio uganga. Ni chombo, kina mahali pake.

Sasa niwaambie kilichotukuta kabla hatujampata huyu fizio wa sasa, na sitataja ni wapi. Sehemu ya kwanza tulikoenda walikuwa na mashine kubwa, leza ya daraja la nne. Hizi zinazidi nusu wati, zenyewe zinatoa joto la kweli, inabidi mkono wa anayetibu utembee tembee muda wote usisimame mahali pamoja. Yule kijana akaanza kumpitishia mama kwenye mkono, huku anamuuliza "mama unasikia joto? likizidi uniambie." Mama anajibu hapana, sisikii. Kijana anaendelea. Simu ikaita mezani, akageuza kichwa, mkono ukasimama, sekunde ngapi sijui. Usiku nambadilisha mama nguo naona duara jekundu juu ya kiwiko, asubuhi limekuwa lengelenge.

Jamani, yule mama mkono wa kushoto HASIKII joto. Ndo kiharusi chenyewe hicho. Unamuuliza joto mtu aliyekufa ganzi, majibu yake yatakusaidia nini? Na mi nilikuwepo, nimekaa pale pale, sikuliona hilo swali lilivyo la ajabu mpaka nilipoona lengelenge. Huyu fizio wa sasa, kitu cha kwanza alichofanya ni kumfumbisha mama macho, akamgusa na pamba, akamgusa na kichupa cha maji ya baridi na cha uvuguvugu, kushoto na kulia, akachora kwa kalamu mpaka wapi anasikia na mpaka wapi hasikii. Afu akachagua mashine ndogo isiyo na joto. Akaniambia pia ngozi nyeusi inanyonya mwanga zaidi juu juu kwa hiyo inapata joto haraka, na mipangilio ya kiwandani haijali ngozi ya nani. Ningejua hili mapema ningeuliza.

Hili linawahusu sana wenye ganzi ya miguu ya kisukari, maana nao wanapelekwa sana kwenye hizi taa. Kuna utafiti wa 2008 kwenye Diabetes Care, watu walipewa vifaa vya infraredi vya nyumbani, wengine vya kweli wengine vya kuigiza, baada ya siku 90 hisia za miguu hazikutofautiana. Kuna tafiti nyingine zinazoonyesha maumivu yanapungua, sikatai, ila mguu usiosikia usiuweke chini ya kitu cha moto kwa matumaini, na sukari isiposhuka hakuna taa itakayokimbizana nayo.

Kingine ambacho watu hawaelewi ni kipimo. Leza sio jua kwamba ukikaa zaidi unaiva zaidi. Kidogo sana haifanyi kitu, kiasi inasaidia, ukizidisha faida inapotea na inaweza hata kugeuka. Wanapima kwa jouli, yaani kipimo cha nishati, kwa kila sentimita ya mraba, na fizio wetu anaandika kwenye daftari kila siku, nukta ngapi, jouli ngapi, maumivu kabla na baada. Pale kwa kwanza nilipouliza wanaweka ngapi niliambiwa "mashine inajua yenyewe."

Ukienda, sema dawa zote anazotumia mgonjwa maana kuna zinazofanya ngozi ichukie mwanga, doksisaiklini ya kuua bakteria mojawapo, amiodaroni ya mapigo ya moyo pia. Mwenye saratani asimulikwe juu ya uvimbe, mjamzito asimulikwe tumboni, na mwenye kifafa aseme mapema kama mashine ni ya kumweka mweka.

Matokeo? Mara ya tatu hamna. Mara ya tano mama akasema usiku amelalia ule upande kidogo. Mara ya sita, na hapa mi mwenyewe nilikuwa nimeshaanza kuchoka kumpeleka, fizio akamaliza zile pii zake, akavua miwani, akaweka taulo mezani, akaushika mkono wa mama kwa chini, kiwiko na kiganja, sio kuvuta. Akasema "mama sukuma." Taulo likaenda. Sentimita kumi labda, likakwama, likaenda tena kidogo. Mama hakufumba macho. Akarudia mara kumi na nne, nilihesabu, na wiki mbili nyuma alikuwa analia kwenye ya pili.

Je ni leza? Inawezekana ni leza, inawezekana ni kwamba tumeacha kumvuta mkono na tunamwekea mto chini ya kwapa akikaa, inawezekana ni muda, na inawezekana ni kwamba anampenda yule fizio kwasababu anamwita mama na kumsubiri amalize sentensi. Nikamuuliza fizio mwenyewe. Akasema "dada, mi hiyo taa naitumia kufungua mlango tu, anayeingia ni yeye." Afu akamaliza kuandika jouli zake kwenye daftari.

Tumebakisha mara mbili, baada ya hapo taa inasimama, taulo linaendelea. Mama hajafurahi. Jana kanivuta pembeni ananiuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeulizia kitu cha magendo, ile kofia ya kaka yako, ilikuwa ya rangi gani?