Jinsi nilivyopata jibu la donge langu, baada ya kumezeshwa dawa za amiba bure

Lubumbashi, tumbo likiuma upande wa kulia, ni amiba. Ukikonda, ni amiba. Nilimeza vidonge vyake mpaka mate yakawa na ladha ya msumari, na donge nililokuwa nikiligusa mwenyewe juu ya nyonga likazidi kunenepa kuliko mimi.

Kolonoskopia ya kwanza, kile kipimo cha kamera inayopitishwa ndani ya utumbo mnene, iliharibiwa na yaya yangu, yaani ndugu yangu mkubwa. Tuliambiwa kesho yake kipimo, leo vinywaji tu. Yaya akaamua munkoyo, togwa yetu ya mahindi, ni kinywaji. "Kunywa, mdogo wangu, upate nguvu ya kwenda chooni." Nikanywa, juu yake nikanywa ile dawa ya kuharisha, nikalala chooni. Asubuhi kamera iliingia ikakuta mashapo ya mahindi kila kona. Dokta akamwaga maji, akanyonya, akamwaga tena, huku akiguna. Alipofika mwisho, kwenye sekamu, yaani pale utumbo mnene unapoanzia, aliona kidonda nusunusu, akanyofoa vipande viwili vya juu juu, akatoka kwa haraka. Jibu la maabara: uvimbe wa kawaida, saratani hakuna. Nyumbani wakaimba. Nikaambiwa basi huenda ni kifua kikuu cha utumbo, nianze dawa za miezi 6.

Mimi sikuimba. Nikatafuta dokta mwingine.

Safari hii maharage, lengalenga na kila chenye mbegu viliondoka mezani mapema, dawa nikanywa nusu usiku, nusu alfajiri. Sindano ya usingizi niliikataa, nilitaka kuona. Na nasema bila haya, utumbo wangu ni mzuri: rangi ya waridi, unang'aa, vijishipa vyembamba vinatawanyika kila upande. Kisha tukafika pale utumbo mwembamba unapomwagia kwenye mnene. Vijishipa vikapotea. Nyama nene, nyekundu, imejikunja, katikati kidonda kipana chenye utando wa manjano, kingo zimeinuka. Ajabu, kamera ilipita bila kubanwa.

"Papa, unaona?" dokta akasema. "Saratani iliyozoeleka, ikifika ukubwa huu, mara nyingi imeshaanza kuziba njia. Hii imenenepesha ukuta, lakini bado ni laini."

Ndipo nikasikia neno limfoma. Ni saratani ya chembe za kinga, na sehemu ile ya utumbo imejaa chembe hizo, kwa hiyo ndiko inakopenda kukaa. Ni nadra: haifiki hata 1% ya saratani za utumbo mnene. Inaweza kutokea kama donge, kidonda, ukuta ulionenepa, hata vinundu vidogo vingi vilivyotapakaa. Kwa macho tu inafanana na kifua kikuu, ugonjwa wa Crohn (uvimbe sugu wa utumbo), hata donge la amiba.

Tena mara nyingi inakulia chini ya ngozi ya ndani. Ukinyofoa juu juu unapata ngozi iliyovimba, basi. Dokta huyu alinyofoa ukingoni mwa kidonda, akarudisha kikoleo ndani ya shimo lilelile, akanyofoa tena, akazama. Nilikuwa nahesabu kwa sauti, muuguzi anacheka. Hakuna maumivu pale, kinachotesa ni ile hewa wanayokujaza. Ulizeni vipande vingapi na vimetoka wapi, ni haki yenu.

Mpwa wangu alitaka kuviweka kwenye barafu. Nilimnyang'anya chupa: vikishaingia kwenye formalini, ile dawa ya kuhifadhi nyama isioze, havihitaji barafu. Rangi za maabara za kutambua aina ya chembe ndizo zilizokula pesa, bei ya mbuzi wawili au watatu hivi. Jibu: limfoma ya seli B kubwa (seli B ni aina moja ya chembe za kinga), na alama ya CD20 iliyo juu ya seli hizo ipo. Wakanipima na virusi vya UKIMWI, maana limfoma hupenda kuandamana navyo, sikuwa navyo.

Sasa naingia kwenye dripu ya dawa za saratani kila baada ya siku 21. Nywele zimekwenda, donge silishiki tena. Yaya anatangaza mtaa mzima kwamba bila munkoyo yake nisingerudia kipimo. Nimechoka kubishana naye.