Maneno sita

Mwaka 2001 nilikuwa na kibanda cha kuchapa na kutoa fotokopi mjini Moshi, hatua chache kutoka stendi kuu. Mali yangu yote ilikuwa mashine moja ya fotokopi niliyoinunua kwa mkopo ikiwa imeshachoka, mashine mbili za taipu, na binti wa shangazi yangu ambaye alikuwa anachapa haraka kuliko mimi ninavyosoma. Fotokopi ilikuwa shilingi 50. Bei ya kuchapa ukurasa ilitegemea sura ya mteja.

Kibanda kile kilikuwa nusu biashara, nusu kijiwe cha siasa. Moshi Mjini ilikuwa ya upinzani. Mwaka uliotangulia tulikuwa tumempeleka Ndesamburo bungeni kwa tiketi ya Chadema, na kadi yangu ya chama nilikuwa naiweka kwenye mfuko wa shati, ichungulie kidogo. Januari ile, polisi walipowapiga risasi waandamanaji wa CUF, chama kingine cha upinzani, kule Unguja na Pemba, nilichapa vipeperushi vya kulaani na sikumtoza mtu hata senti. Nikajiona mpigania haki kwelikweli.

Ukutani juu ya mashine nilikuwa nimebandika Ibara ya 18 ya Katiba kwa herufi kubwa: KILA MTU YUKO HURU KUWA NA MAONI YOYOTE NA KUTOA NJE MAWAZO YAKE. Chini yake kulikuwa na nakala ya barua niliyomtungia mhubiri mmoja wa kilokole. Polisi walimsimamishia mkutano wake wa injili kwa sababu alikuwa amemsema Mtume Muhammad maneno ambayo nisingethubutu kuyarudia mbele ya mama yangu. Barua ile niliitunga kwa moyo wote. Niliweka ibara, nikaweka "haki isiyoporwa na mtu", nikamalizia na alama tatu za mshangao.

Basi, asubuhi moja ya Agosti, ile Agosti ya Moshi ambayo mlima unajifunika siku nne mfululizo na watu wanatembea wamejikunyata, akaingia mzee amevaa kanzu na koti la suti juu yake. Miwani yake ilikuwa imefungwa kwa uzi mweusi ukazunguka nyuma ya kofia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Za hapa?"

Akasema anatoka Majengo, na kwamba enzi zake alikuwa karani wa reli. Sikuwa nimemuuliza, lakini nilipoona karatasi alizotoa kwenye bahasha nilielewa kwa nini ametaja. Kurasa mbili za mkono, mistari imenyooka kama imepigwa rula, kila herufi imekaa mahali pake. Alitaka zichapwe, kisha zitolewe nakala 20.

Ilikuwa barua kuhusu Dibagula. Mwaka ule ukilitaja jina hilo hukuhitaji kuongeza neno. Alikuwa mhubiri wa Kiislamu aliyehukumiwa Morogoro kifungo cha miezi 18 chini ya kifungu cha 129 cha Kanuni ya Adhabu, kile kinachohusu kutamka maneno kwa nia ya kuumiza hisia za dini. Maneno yenyewe ni kwamba Yesu si mwana wa Mungu. Dar es Salaam Waislamu waliingia barabarani. Mzee hakuwa anataka kuingia barabarani, alitaka kuwaandikia wakubwa. Nilisoma barua yote. Haikuwa na tusi hata moja, wala alama ya mshangao.

Nikamrudishia. "Mzee wangu, sisi hapa hatuchapi mambo ya dini."

Mezani, kati yangu na yeye, palikuwa na bahasha 300 za sadaka ya mavuno za usharika wetu, zimechorwa muhindi na mkungu wa ndizi, wino haujakauka vizuri. Mzee aliziangalia. Hakusema kitu. Rundo lilikuwa limeteleza upande mmoja, akaliweka sawa kwa vidole viwili, akagonga ukingo wake taratibu mpaka zikakaa sambamba. Binti wa shangazi akaacha kuchapa.

Kisha akainua uso, akaanza kusoma ukutani. Alisoma polepole kama mtu anayekagua tiketi.

"Hii barua ya huyu mhubiri, ni ya dini au si ya dini?"

"Hiyo ni tofauti, mzee."

(Neno hilo nimekuja kulisikia tena. Januari 2015, watu 12 walipouawa katika shambulio la ofisi za gazeti la Charlie Hebdo kule Paris, rafiki yangu mwalimu alishinda akituhubiria kwamba kila mtu akejeli dini anavyotaka, asiyependa asisome. Wiki moja baadaye Ufaransa hiyo hiyo ikamkamata mchekeshaji Dieudonné kwa maneno aliyoandika Facebook, maneno mabaya kwa kweli, na nikamuuliza mwalimu anasemaje. "Hiyo ni tofauti," akanijibu. Sikubishana naye. Naijua vizuri hiyo tofauti, nilishaishi nayo nyumba moja.)

"Tofauti yake nini?" mzee akauliza.

Nikaeleza, nikajiuma ulimi, nikaeleza tena. Nadhani nilisema huyu alikuwa anahubiri na yule alikuwa anakashifu. Lile neno "kashfa" lilikuwa mdomoni mwa kila mtu tangu enzi za mihadhara, ile ya hadharani ya Waislamu na Wakristo kubishana dini, na tatizo lake ni kwamba halikuwahi kumpata aliye upande wako.

Mzee akavuta benchi, akaketi. "Mwanangu, mimi leo alfajiri nimesali. Nimesoma Kulhuwallahu. Unajua ndani yake kuna nini? 'Hakuzaa wala hakuzaliwa.' Tunaisoma kwa kipaza sauti, Majengo nzima inatusikia, mwaka nenda mwaka rudi. Na wewe Jumapili ukisimama kanisani unasema nini?"

Nilijisikia kama niko darasa la kipaimara. "Nasema namwamini Yesu Kristo, Mwana wake wa pekee."

"Basi. Kwangu mimi hilo ni zito kuliko tusi lolote la sokoni. Nimekuja na polisi hapa?"

Niseme ukweli, kilichonikera kwenye barua yake hakikuwa sheria wala amani ya nchi, ingawa ningeweza kujificha nyuma ya amani ya nchi, maana miaka mitatu tu nyuma watu walikuwa wamekufa polisi walipopambana na Waislamu kule Mwembechai, Dar es Salaam, na kila karatasi yenye neno "Waislamu" ilikuwa inawatia watu jasho. Kilichonikera ni kwamba bibi yangu alikata roho kule Machame akiimba jina la Yesu, na kuna mtu Morogoro alikuwa anasema bibi aliimba uongo. Watu wa CUF sikupata shida kuwatetea. Walipigwa, niliwahurumia, hawakuwa wamenigusa popote. Mhubiri wa kilokole naye aliwachoma wengine. Dibagula ndiye wa kwanza kunichoma mimi, na hapo hapo nikafunga duka. Halafu kulikuwa na jambo dogo la aibu zaidi: mchungaji alikuwa apitie bahasha zake saa sita.

Mzee alikuwa hajamaliza. Alinyoosha kidole ukutani.

"Na hii ibara umeinyofoa."

"Vipi?"

"Inaanza hivi: 'Bila ya kuathiri sheria za nchi.' Maneno sita. Umeyapeleka wapi?"

Alikuwa sahihi. Niliyaacha kwa makusudi wakati nachapa, kwa sababu yalikuwa yanaharibu utamu. Nikamwambia hivyo hivyo. Akacheka kwa mara ya kwanza, meno mawili ya mbele hayapo.

"Yule wa Morogoro kafungiwa humo kwenye hayo sita. Na huyu mhubiri wako kasimamishwa na hayo hayo sita. Wewe unayaficha ili ukuta upendeze."

Akazikunja kurasa zake, akazirudisha kwenye bahasha. Nikadhani anaondoka.

"Sasa nichapie hiyo ibara. Nzima, na maneno yake sita. Ikae juu, chini uniachie karatasi wazi. Nakala 20. Katiba si dini, au nayo ni dini?"

Binti wa shangazi akaangua kicheko, akajifanya anakohoa. Nilikaa mwenyewe kwenye mashine. Nilikosea mara mbili, nikapaka ile rangi nyeupe ya kufutia, nikasubiri ikauke huku nimeinamisha kichwa. Nakala zilipotoka zilikuwa na moto bado, na mzee akazishika kwa viganja vyote viwili kama mtu ameshika bakuli la uji, kwa ile baridi. Alilipa shilingi 1,000 za nakala na ya kuchapa juu. Nilipokea.

Akatoka nje, akaketi kwenye benchi la wateja, akaweka karatasi juu ya goti akitegemeza gazeti chini yake, akaanza kunakili barua yake kwa mkono. Moja. Ya pili. Nilikuwa namwona kupitia dirishani. Baada ya kila nakala alikuwa anaikunja mara tatu, anaipitisha ukucha kwenye mkunjo, anaiweka mfukoni. Mashine yangu ilikuwa imewaka. Nakala 20 za kurasa mbili ni kazi ya dakika chache. Ningeweza kutoka nikamwambia, mzee lete. Nilifika mpaka mlangoni mara moja, nikajifanya natazama kama mlima umefunguka.

Mchungaji alikuja kabla ya saa sita. Alimsalimia mzee kwa heshima, wakaulizana habari za baridi, akaingia akachukua bahasha zake na kusifia michoro. Adhuhuri ilipoadhiniwa mzee alikuwa bado na karatasi chache. Alizikusanya, akanipungia mkono, akaenda.

Kesho yake nilikuta ule ukurasa wa ukutani umebadilishwa. Binti wa shangazi alikuwa ameuchapa upya na maneno sita yote, bila kuniuliza. Sikuubandua. Mwaka 2005 Bunge liliyafuta maneno yale kwenye Katiba, lakini kifungu cha 129 kiko pale pale.

Mzee nilimwona mara moja tena. Mahakama ya Rufani ilikuwa imeifuta hukumu ya Dibagula, na alikuja na ukurasa wa gazeti uliokunjwa mara tatu. Alitaka nakala mbili. Nikaziweka haraka kabla hajamaliza sentensi, na alipoingiza mkono kwenye koti nikamzuia.

"Acha tu mzee, hizi zangu."

"Hapana, mwanangu. Ukinichapia bure watasema umesilimu."

Akaacha sarafu mbili za shilingi 50 juu ya kioo cha mashine, akachukua nakala zake, akatoka. Zile sarafu sikuziona. Mteja aliyefuata alileta cheti cha ubatizo cha mwanawe, nikakipachika hivyo hivyo, na nakala ikatoka na vivuli viwili vyeusi pembeni, karibu na jina la mtoto.